Falcon ya 1979: niitunze au nichukue toleo jipya?

Wadau, ninayo Millennium Falcon ya 1979, ile chombo cha anga cha kuchezea cha filamu za Star Wars, ya kampuni ya Kenner. Dishi la rada halipo, na kile kimpira cha mazoezi ya upanga kimepotea. Niiuze nichukue ya 1995, au lile dude la 2008 la Hasbro, kampuni nyingine ya vitu vya kuchezea?

JIBU: Ya 1995 imetoka kwenye kalibu ileile, ndugu yangu, tofauti kubwa ni milio ya kielektroniki. Hata ya 2004 ni ya kalibu hiyohiyo. Utabadilisha boksi.

JIBU: Mimi naitetea ya zamani. Chumba cha rubani kinabana na miguu ni minene kupita kiasi, sawa. Lakini ng'oa paa uone: meza ya mchezo, maficho chini ya sakafu, kiti cha mzinga kinachozunguka! Kagua kioo cha rubani. Kama hakijapasuka wala kuwa manjano, usiuze. Ya 2008 ina uwiano bora, ila inameza rafu nzima.

MUULIZAJI: Kioo kizima, kiangavu kabisa. Basi naanza kusaka dishi, na liwe la Kenner. La kuchongesha sitaki.