Hivi kweli watu wengi ndo wanaomaliza ardhi?

Mwana_Kondoa: Wakuu habari za jioni. Tangu sensa ya 2022 ituambie Watanzania tuko milioni 61 na ushee, kutoka milioni 44.9 ya 2012, kila kijiwe cha kahawa ni hayohayo, tunazaana mno, mapori yanaisha. Sasa kuna mama mchumi wa Denmark, Ester Boserup, mwaka 1965 alisema kinyume, kwamba watu wakiwa wachache wanalima wanahama, pori linapumzika, wakibanana ndo wanaanza kuweka samadi, kuchimba matuta na kulima kila msimu, yaani wingi wa watu ndo unasukuma kilimo. Hii imewahi kutokea huku kwetu au ni ya vitabuni tu?

Mkamba halisi: Imetokea hapa kwetu Machakos, Kenya bana. Miaka ya 30 wazungu walisema kwetu kumekwisha, mmomonyoko kila mahali, 1938 serikali ikaanza kunyang'anya watu ng'ombe eti wamezidi, watu wakatembea hadi Nairobi na kiongozi wao Muindi Mbingu kuteta, yeye akaishia kupelekwa Lamu uhamishoni. Wakati huo hatukufika hata laki tatu. Kufikia 1990 tulikuwa karibu milioni 1.4, na watafiti waliochapisha kazi yao 1994 wakakuta mmomonyoko umepungua, miti imeongezeka na mavuno ya kila ekari yamepanda. Kilichofanya kazi ni fanya juu, unachimba mtaro kufuata kontua, yaani mstari wa usawa mmoja unaokata mteremko, udongo unautupa upande wa juu, unapanda nyasi za nepia kwa ule ukingo, misimu ikipita shamba linakaa kama ngazi na maji hayakimbii. Wachimbaji ni vikundi vya mwethya, yaani majirani wanaosaidiana kazi, wengi kina mama. Mkoloni alipowalazimisha walichukia, lakini shamba likiwa lako na kahawa iko na soko unachimba mwenyewe.

Nyasubi: Ukara pia, kile kisiwa jirani na Ukerewe. Watu wamebanana toka enzi za mababu, ng'ombe anafungiwa ndani anakatiwa majani, samadi inabebwa kichwani mpaka shambani, hata mti una mwenyewe. Ila sikilizeni hapa, Mkara akihamia bara akapata pori kubwa anaziacha mbinu zote hizo analima kama wengine, maana ile kazi inaua mgongo. Hapo huyo mama naona kapatia kabisa.

Mama Twins: Kwenye ardhi nakubali, ila mmesahau anayebeba mimba. Mwishoni mwa miaka ya 70 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8, utafiti wa 2022 unasema 3.4, sisi Tanzania 4.8. Wakamba wamejenga matuta NA wakapunguza kuzaa, vyote viwili, na haohao kina mama wa mwethya ndo walikuwa na watoto mgongoni. Naombeni sana hoja hii isitumike kumwambia binti wa watu aache uzazi wa mpango.

Mwana_Kondoa: Nimekuelewa dada, hilo halina ubishi. Kwetu Kondoa 1979 mifugo iliondolewa kwa amri na majani yakarudi kweli, ila mfugaji hakuulizwa, ndo maana nimeipenda ya Machakos. Mkamba, huo mtaro kina chake kikoje? Udongo wetu mchanga mtupu.

Mkamba halisi: Futi mbili kwenda chini, upana futi mbili. Kwa mchanga ukingo unabomoka haraka, so nyasi ziingie mvua ya kwanza tu, usingoje.