Mrejesho: sauti ya tivii sasa inafika mpaka jikoni

Wakuu nimerudi. Mimi ndo yule wa Ntinda niliyeuliza nifanyeje sauti ya tivii ya sebuleni itoke kwenye spika za nyumba nzima, maana amplifaya yangu ya vyumba vingi ina matundu ya RCA tu (yale ya duara ya sauti ya analogi) na tivii ina optiko (tundu la kutoa sauti ya dijitali kwa mwanga) na HDMI (ya dijitali pia) basi.

Nilimsikiliza yule aliyesema ninunue kiboksi cha DAC, yaani kinachogeuza sauti ya dijitali kuwa ya analogi, nikakipata hapo mjini Kampala, nikachomeka waya wa optiko (bandueni kwanza kale kaplastiki ka mwisho jamani, mimi kalinitesa dakika 20), taa inawaka lakini sauti hakuna kabisa. Kumbe tivii ilikuwa inatoa Dolby (sauti ya dijitali iliyobanwa) na kiboksi kinaelewa PCM tu (ile isiyobanwa), nikaingia kwenye mipangilio ya sauti nikabadili, ghafla jikoni kukalipuka sauti, mke wangu nusura amwage matoke.

Rimoti ya tivii haipunguzi sauti huko vyumbani, inabidi uende kwenye amplifaya, nimeshazoea.

Kilichonishinda ni ile spika ya waifai ya barazani, inakusanya sauti kwanza ndo itoe, kwa hiyo Cranes (timu ya taifa ya Uganda) wakifunga sisi sebuleni tunaruka, wenzetu barazani kwenye muchomo (nyama choma) bado wanasikia pasi ya katikati ya uwanja. Nimeamua kuvuta waya wa kawaida mpaka nje, fundi anakuja Jumamosi. Asanteni sana.