Ulinganisho: kundi la WhatsApp, SMS au akaunti ya mzazi katika kutuma matokeo ya wanafunzi

Mwalimu wa Taaluma: Ndugu wanajukwaa, shule yetu ya sekondari ya kutwa inakusudia kuacha kubandika matokeo ya muhula ukutani na kuwatumia wazazi kwa simu. Wenzangu wengi wanapendelea kupiga picha mkeka mzima, yaani orodha ya matokeo ya darasa lote, na kuuweka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, kwa kuwa hakuna gharama, majina yakiondolewa na kubaki namba za usajili. Je, hilo linatosha, au tuchague SMS, au mfumo ambao kila mzazi huingia kwa nywila yake?

Mzazi wa Kidato cha Pili: Mwalimu, halitoshi. Pale namba zinapotolewa kwa kufuata alfabeti, anayejua namba ya mwanawe huhesabu mistari kwenda juu au chini akampata mtoto wa jirani. Picha ikishasambazwa nje ya kundi, kuifuta hakusaidii tena, na mtoto aliyepata F ya Hisabati hukuta habari zake zimemtangulia mtaani.

Msimamizi wa Mifumo: Naiunga mkono SMS, kwa sababu inafika hata kwenye simu ya kitochi na kila mzazi hupata ya mwanawe peke yake. Tatizo lake ni namba: wazazi hubadilisha laini, na laini iliyoachwa huweza kugawiwa mtu mwingine, kwa hiyo zihakikiwe kila muhula unapoanza, na ujumbe ubebe jina la kwanza na alama tu. Mkitumia barua pepe, msitume faili zima la Excel lenye safu zilizofichwa, kwani kuzifunua ni kazi ya sekunde chache. PDF yenye nywila ni nzuri, ila nywila isiwe tarehe ya kuzaliwa, ambayo nusu ya darasa wanaijua.

Mwalimu wa Darasa: Mbona NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, huweka matokeo ya taifa mtandaoni kwa namba za mtihani?

Wakili: Mwalimu, hata Baraza lenyewe liliacha kutangaza wanafunzi bora na shule bora Januari 2023. Isitoshe, mtihani wa taifa na jaribio la muhula havina sababu moja ya kutangazwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihusu shule pia, nayo inataka taarifa zitumike kwa lengo lililokusudiwa zilipokusanywa. Kwa majirani zetu wa Kenya, shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 mwaka 2023 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Zile zilikuwa picha tu; alama humgusa mtoto kwa undani zaidi.

Mwalimu wa Taaluma: Nashukuru sana. Nitapeleka kwa mkuu wa shule pendekezo la SMS kwa muhula huu, pamoja na fomu ambayo mzazi ataandika namba anayotaka itumike na kutia saini. Akaunti za wazazi zitasubiri, kwa kuwa wengi wao hawana simu janja, na nywila inayotunzwa na mwenye kibanda cha intaneti hailindi chochote.