Saaz, Cascade au Magnum: niagize hopsi zipi?

Mpishi wa Njiro: Salaam, wanajukwaa. Kaka yangu anarudi Arusha kutoka Ujerumani mwezi ujao na amekubali kuniletea hopsi za vidonge (maua makavu ya kutia bia uchungu na harufu, yaliyosagwa na kukandamizwa) kwa ajili ya bia ninayopika nyumbani, ila mzigo wake unaruhusu aina moja tu. Kati ya hizo tatu, ipi inafaa?

Kibosho Juu: Ndugu, tutakushauri vipi hujasema unapika bia gani, lita ngapi, wala kama una friza ya kuzihifadhi? Asidi za alfa, ambazo hugeuka kuwa uchungu zinapochemshwa, ni asilimia 12 hadi 14 katika Magnum, ilhali katika Saaz hazizidi sana 4. Kwa lita 20, gramu 20 za Magnum zilizochemshwa saa nzima hufanya kazi ya gramu 70 hivi za Saaz. Mwenye nafasi ndogo abebe Magnum.

Mama wa Himo: Hayo ni mahesabu ya uchungu tu. Mafuta yenye harufu huruka na mvuke, kwa hiyo Magnum peke yake itampa bia chungu isiyo na lolote puani. Cascade ya Marekani inatosha pande zote mbili: nyingine itiwe mwanzoni, nyingine dakika tano kabla ya kuepua, naye atapata harufu ya balungi.

Mzee wa Sakina: Kabla ya aina, ulizeni hali ya hopsi zenyewe. Mfanyabiashara mmoja, ambaye sitamtaja, aliniuzia Cascade iliyofungwa katika mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga, akaapa kuwa ni mpya. Vidonge vilikuwa vimegeuka kahawia, na nilipovifikicha vikatoa harufu ya jibini iliyochacha, dalili ya hopsi zilizoharibiwa na hewa na joto. Nilipomrudishia alidai ndiyo harufu yake ya asili, na fedha sikuziona tena. Kaka yako akague kama pakiti ni ya foili, imeondolewa hewa na ina mwaka wa mavuno.

Kibosho Juu: Hata gramu nilizotaja ziongezwe kidogo. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95, na asidi za alfa hugeuka polepole zaidi.

Mpishi wa Njiro: Ni lita 20, bia nyepesi ya rangi ya dhahabu. Friza ipo kwa shemeji.

Mama wa Himo: Bia nyepesi ya kuchachulia kwenye baridi au kwenye joto la chumbani? Saaz ingependeza kwa ile ya baridi.

Mchaga Asilia: Mnahangaika na Ujerumani wakati gome la msesewe lipo Moshi na limeitia mbege, pombe yetu ya ndizi, uchungu tangu enzi za mababu.

Mzee wa Sakina: Shikamoo msesewe, lakini hopsi huzuia pia baadhi ya bakteria wanaochachusha bia ikawa kali. Mbege yako inakaa siku ngapi?

Mchaga Asilia: Kwetu haijawahi kubaki hadi tukajua.