Ushauri: sensa ya sukari ya mama inalia kila usiku

Mwana_Ujiji: Wakuu, nisaidieni. Mama ana miaka 63, kisukari cha siku nyingi. Kaka alimtumia sensa ya FreeStyle Libre, ile ya kubandika nyuma ya mkono, inadumu siku 14. Tangu Jumamosi, ikifika saa nane usiku simu inalia kwamba sukari imeshuka: 3.1, 2.9 (mmol/L). Mchana inapanda 16, 17. Sensa mbovu au simu?

Mzee_wa_Migebuka: Pole kijana. Shida ni ugali wa muhogo. Mimi niliupunguza, nala mgebuka wa kuchoma na mlenda, kila asubuhi natembea Mwanga hadi Gungu. Mpikie mlenda.

Binti_Unyanyembe: Msimpe asali tu. Huku Tabora mjomba aliambiwa asali haidhuru, akawa anakunywa kwa kikombe. Tulimlaza wiki nzima.

Nesi_Kasulu: Mleta uzi, anatumia vidonge au sindano?

Mwana_Ujiji: Sindano. Insulini ya usiku.

Nesi_Kasulu: Na anachomwa kama kawaida?

Mwana_Ujiji: Nimesimamisha tangu Jumapili. Msinilaumu. Jirani yetu alishuka sukari usingizini, hakuamka. Nitamchomaje mtu simu inasoma 2.9?

Nesi_Kasulu: Siku nne! Na alamu imekoma?

Mwana_Ujiji: Hapana. Jana 3.0.

Nesi_Kasulu: Sindano hakuna, bado inashuka saa ile ile? Analalia upande gani?

Mwana_Ujiji: Kushoto. Sensa iko kushoto.

Nesi_Kasulu: Sensa haisomi damu, inasoma majimaji ya chini ya ngozi. Ukiilalia inabanwa, inasoma chini kwa uongo. Ikilia, mwamshe, mgeuze, mpime kidole. Ikiwa kweli chini ya 3.9 na anameza vizuri, mpe vijiko vinne vidogo vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza usimnyweshe kitu, kimbiza hospitali.

Mwana_Ujiji: Vijiti vya kupimia viliisha.

Kahawa_Chungu: Hii chai, wakuu. Sensa ya bei mbaya ipo, vijiti hakuna? Kajiunga juzi tu. Kesho anaweka namba, anauza sensa.

Binti_Unyanyembe: Hata mimi nimeanza kusita.

Mzee_wa_Migebuka: Mwenye mgonjwa ndani hana muda wa kutunga. Mwacheni.

Mwana_Ujiji: Siuzi kitu. Sensa ananunua kaka, yuko mbali, anaisoma kwenye simu yake. Vijiti ni jukumu langu, na mwezi huu sikununua. Ndiyo maana sikusema.

Nesi_Kasulu: Azima mashine usiku huu. Anaona kiu?

Mwana_Ujiji: Sana. Anaamka kukojoa kila mara, nikadhani ni uzee.

Mwana_Ujiji: Saa nane na robo. Simu 3.2, kidole 18.6. Nimemgeuza, sensa inaanza kupanda. Anasema tumbo linamuuma na anatapika. Bodaboda yuko njiani.

Nesi_Kasulu: Bodaboda hapana, tafuta bajaji, umshike. Beba simu na chupa ya insulini. Ukifika tu, sema ameacha sindano tangu Jumapili.