Mguu wa mama umevimba, matende yanapona kweli?

Wakuu naombeni msaada, mama yangu mguu wa kushoto umevimba toka kifundo mpaka chini ya goti, ngozi imekuwa ngumu ina mikunjo, hospitali wamesema ni matende. Sasa kila baada ya muda anapata homa na mguu unawaka moto, yanapona haya au ndo basi tena?

Jibu:
Pole sana mkuu. Matende yanaletwa na minyoo wadogo wanaoenezwa na mbu, wakikomaa wanakaa kwenye mishipa ya limfu (ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu) miaka kama 6 hadi 8 wanaiharibu, ndo maana maji yanajaa mguuni. Dawa za minyoo zipo ila mshipa ulioharibika haurudi kama zamani. Hizo homa mara nyingi ni bakteria wanaopita kwenye michubuko, mchunguze katikati ya vidole.

Jibu:
Naongezea hapo, mi nimemuuguza bibi. Osha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi yasiyo ya moto, kausha taratibu mpaka katikati ya vidole maana unyevu ukibaki hapo fangasi wanaingia, akikaa au kulala auinue. Homa za bibi zilipungua sana. Ila ikirudi mpeleke hospitali haraka, na msimchanje mguu kwa wembe jamani!

Muulizaji:
Asanteni sana, nimemwangalia sasa hivi kweli kidole cha mwisho kuna mpasuko unatoa majimaji, kesho asubuhi tunaenda.