Tupeane uzoefu: masoko ya mtandaoni yaliyokulipa kweli, na "fursa" zilizokula hela za watu

Mwanzisha mada
Habari zenu wakuu. Nauza mashuka na mapazia mtandaoni, mzigo nachukua Kariakoo. Kila mara kuna mtu ananifuata inboksi, ananiambia niache kuhangaika, kuna fursa ya "masoko ya mtandaoni": unatoa kiingilio, unaleta watu, unalala hela inaingia. Inaniuma, maana wanajificha nyuma ya kazi yangu. Masoko ninayoyafanya mimi ni kupiga picha shuka mchana ili rangi isidanganye, kuandika bei wazi, kulipia tangazo liwafikie watu wa mikoa ninayoweza kutuma mzigo, na kumjibu vizuri hata anayeuliza bei akapotea. Anayenilipa ni mtu aliyepokea shuka. Mwenye uzoefu wa upande wowote atupe, hasa hela ilikuwa inatoka wapi.

Wa Mwanza
Mama mdogo wangu aliingizwa kwenye ile "fursa" ya kulipwa kwa kulaiki video. Programu yenyewe alitumiwa kwa linki, akawa anaona salio linapanda kila siku. Mwanzoni alitoa kidogo, ikaingia kweli kwenye simu. Hapo ndipo mtaa ulipokwisha, kwa sababu aliwaonyesha majirani meseji ya malipo, nao wakajiunga. Akapandishwa daraja, na kila daraja lina kiingilio kikubwa kuliko la nyuma. Alipotaka kutoa hela ya maana akaambiwa atangulize "kodi ya kutolea". Nikamwambia mama, TRA, mamlaka ya mapato, haidai kodi kupitia namba ya mtu binafsi WhatsApp. Akalipa hivyo hivyo, kesho yake kundi likafungwa. Hela imekwenda, lakini kinachomkosesha usingizi ni jirani mwenye genge la mboga, ambaye mama mdogo ndiye aliyemuunganisha. Hawasalimiani mpaka leo.

Wa Nakuru
Mimi niliitwa mahojiano ya kazi ya masoko ya kidijitali. Tulifika vijana wengi, vyeti mkononi. Hakuna aliyeulizwa lolote kuhusu kazi. Tulionyeshwa picha za magari, tukapigishwa makofi, kisha tukaambiwa tununue pakiti ya virutubisho ndipo tuanze. Nikauliza: nikimuuzia mtu asiyetaka kujiunga, napata pesa ngapi? Jibu likazunguka weee, likarudi kwa watu nitakaowaleta chini yangu. Nikachukua bahasha yangu nikatoka. Siku hizi nasimamia kurasa za Facebook za maduka madogo. Mwenye duka akiona wateja hawapigi simu, ananiachisha, na ana haki.

Wa Dodoma
Wanangu, haya hayakuanza na simu. Wakubwa wanaikumbuka DECI, ule upatu wa hapa Tanzania: watu "walipanda mbegu", yaani walitoa hela, wakingoja kuvuna, mpaka serikali ilipoisimamisha 2009. Viongozi wake walitiwa hatiani Mahakama ya Kisutu mwaka 2013, na kuendesha upatu wa aina ile ni kosa la jinai. Waliotangulia walivuna kweli, ila walichovuna ni mbegu za waliokuja nyuma yao. Tapeli Charles Ponzi kule Boston, Marekani, mwaka 1920 aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, na wa kwanza walilipwa vilevile. Kwa hiyo mtu akikuonyesha meseji ya malipo, bado hajakuonyesha biashara.

Wa Arusha
Nawaelewa, lakini msifunge kila mlango. Mimi nalipwa kamisheni na nimeridhika. Natangaza safari za wageni kwa niaba ya wakala. Sikutoa kiingilio, na mgeni asipolipia safari sipati kitu.

Mwanzisha mada
Mkuu, hiyo ni kazi halali kabisa, udalali wa siku zote. Kuna mgeni, kuna safari, na mgeni yule hahitaji kuleta wageni wengine ili afaidi alicholipia.

Wa Tabora
Asali. Miezi ya mwanzo niliuza kwa ndugu na marafiki tu, tusidanganyane. Kilichonifungua ni video fupi: asali inachujwa, inamiminwa, chupa iko juu ya mizani na namba zinaonekana. Watu wa Dar wameumizwa sana na asali ya kuchanganywa na sukari, kwa hiyo walitaka kuona. Mzigo natuma kwa basi, risiti ya parseli naipiga picha namtumia mteja gari likiwa bado stendi. Chupa ikipasuka njiani narudisha hela. Faida ni ndogo kwa chupa, ila wateja wangu wengi sasa ni wale wale wanaorudia.

Wa Mwanza
Dada wa Tabora, mama mdogo anakausha dagaa vizuri sana, hawana mchanga. Anaogopa mtandao sasa. Nimuanzishie wapi?

Wa Tabora
Pole yake mama. Usimfungulie ukurasa kwanza. Nenda stendi uulize nauli ya parseli ya kilo tano mpaka Dar, ndipo mpange bei, maana wengi wanaanguka hapo. Kisha mchukue video akiwachambua kwa mikono yake, uweke status kwenye simu yako wewe. Oda mbili tatu zikifika salama, atashika simu mwenyewe. Na mimi niandikie inboksi, nataka kilo mbili.